Tuzikieni Wazee Wetu Wangali Hai

Kwa Waheshimiwa wa Kamati ya Olimpiki ya Kenya, na wote wasafirio kwa jina la michezo,
Nairobi.

KUH: OMBI LA MAZISHI YA MAPEMA

Waheshimiwa, pokeeni salamu kutoka Kisii na Nyamira. Mvua inanyesha na ndizi zipo. Tunajua mna shughuli nyingi, hasa mwaka wa Olimpiki, maana mabegi hayajipangi.

Tumegundua kwamba mwanariadha mstaafu wa huku hupata heshima kamili siku moja tu, naye siku hiyo huwa amelala ndani ya jeneza. Ndipo magari makubwa yanapoijua njia ya kijijini. Tunaomba siku hiyo iletwe mbele.

Mipango tumeshaifanya. Kutakuwa na hema jeupe, viti vya plastiki, vipaza sauti na jenereta ya akiba. Fahali atachinjwa. Mzee atakaa kwenye sofa, pale pale ambapo jeneza lingewekwa, amevaa suti. Wasifu utasomwa, naye ataruhusiwa kunyoosha mkono na kumsahihisha msomaji: "La, hiyo ilikuwa Munich, si Mexico." Kisha mtasimama nyinyi, mmoja mmoja kwa itifaki, mseme taifa limepoteza shujaa. Hatakasirika, hakuna anayejua kumshinda ni lini taifa lilimpoteza. Ahidini mpendavyo: uwanja, sanamu, karo ya wajukuu. Tofauti ni kwamba mwenye kuahidiwa atakuwa anasikia, tena ana kalamu. Rambirambi mtamkabidhi mwenyewe, azihesabu mbele ya kamera zenu. Pesa za jeneza pia apewe taslimu. Akina mama watalia kidogo kwa ajili ya picha, halafu tule.

Tungelianza mapema, Nyandika Maiyoro angeliusikia wasifu wake kabla ya 2019. Kenya ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Melbourne 1956, alikuwa wa saba katika mita 5,000. Roma 1960 akawa wa sita. Robert Ouko naye alituaga mwaka huo huo wa 2019. Dhahabu ya kupokezana vijiti ya Munich 1972 aliileta yeye na Charles Asati, Hezahkiah Nyamau na Julius Sang. Watatu kati ya hao wanne ni wa kwetu.

Halafu kuna Temu. Naftali Temu wa Nyamira, Mexico, Oktoba 1968, alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia mwishoni kabisa mwa mita 10,000 akaipa nchi hii dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ya kwanza! Alifariki 2003. Waulizeni watoto wanaocheza kando ya Gusii Stadium yeye ni nani, mtuletee jibu. Na msituambie habari za bajeti. Mwaka 2016 Julius Yego, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki, alifika uwanja wa ndege aende Rio akakuta hana tiketi. Bingwa wa dunia, hana tiketi, na wasiojua hata uzito wa mkuki wameshapanda! Alienda baadaye, akarudi na medali ya fedha. Nyinyi mliturudishia kesi mahakamani. Hivi nyuso zenu mnazioshea maji gani?

Samahani, waheshimiwa. Adabu imerudi.

Maombi mengine ni madogo. Tiketi ya mkimbiaji ikatwe kabla ya ile ya shemeji. Sare ziishie mwilini mwa mchezaji. Gusii Stadium ilirembeshwa ili kumpokea Rais, Mashujaa Dei ya 2020. Siku moja irembeshwe kwa ajili ya mtu anayekimbia.

Tarehe ya mazishi chagueni nyinyi. Na kama hema ni ghali, basi walipieni wazee waliobaki bima ya afya ya SHA mwaka huu, kabla ya mazishi yale mengine.

Wenu mtiifu,
Jirani wa bingwa.