Barua kwa Ami Aliyenuia Kuzuru São Paulo

Kwa Ami yangu mpenzi, Mombasa.

Ama baada ya salamu na kukubusu mikono, waraka wako umeniwasili, nami nimeusoma kwanza kwa furaha, kisha kwa hofu. Maana ratiba mliyoipanga wewe na Shangazi, ya kuuzunguka mji wote kwa miguu siku ya Jumatatu, halafu siku zilizosalia mpunge upepo wa bahari, yaonyesha kuwa hakuna aliyeuliza bahari yenyewe iko wapi. Mji huu wenye watu zaidi ya milioni 11 uko juu ya uwanda, takriban mita 760 kutoka usawa wa bahari, na atakaye pwani hana budi kuteremka hadi Santos. Na Julai, mliyoichagua kwa kuwa eti Brazili ni nchi ya jua, ndiyo kipupwe chenyewe, chenye manyunyu waitayo garoa, ambayo humwingia mtu taratibu hata kanzu yako ile ya melimeli ikakunata mwilini, na siri zako zote zikawa hadharani. Njoo na koti.

Rai yangu ni kuwa safari ifuate nyakati za kula. Liberdade, walikojikusanya Wajapani, ambao jahazi lao la kwanza, Kasato Maru, lilitia nanga Santos mwaka 1908 likileta vibarua wa mashamba ya kahawa, tutakwenda kula tambi za mchuzi. Shangazi nitamwacha mtaa wa 25 de Março, uliojengwa kwa biashara ya Washami na Walubnani, apiganie bei za vitambaa kwa ishara za mikono. Ila umwonye kuwa si kila Salim wa pale wa kuulizwa msikiti uko wapi, kwani wengi wa wazee wao walikuja na misalaba yao. Msikiti upo, tena ni miongoni mwa mikongwe ya bara hili, na Ijumaa nitakupeleka mwenyewe.

Jumatano na Jumamosi jihadhari. Ndizo siku za feijoada, maharagwe meusi mazito yanukiayo kitunguu thomu, nami nakujua kwa maharagwe. Lakini chunguni mna masikio, mkia na kwato za mnyama ambaye jina lake siliandiki katika barua itakayosomwa mbele ya Bibi.

Kuna na mikahawa ya kilo, ambako kila mtu hujipakulia apendavyo, kisha sahani yake huwekwa mizanini, naye binti wa pale, pasi na kuinua macho, akamkabidhi kikaratasi cha bei. Kilima chako cha wali harusini nakikumbuka, Ami, basi nakusihi: nyama kwanza, wali kidogo, na tikiti usiliguse kabisa, maana ni maji tupu yauzwayo kwa bei ya nyama.

Hamu yako ya kutembea tutaitimiza Jumapili, Avenida Paulista ifungwapo kwa magari, na watu wakaimiliki barabara na mbwa wao waliovishwa sweta.

Lililobaki ni malazi. Waraka wa kwanza uliwataja wawili, wa pili ukamzidisha binamu, na huu wa sasa wamtaja jirani wa Shangazi, ambaye wasema ni mwembamba na hakoromi.

Wasalaam,
Mwanao, mwenye godoro moja.