Nyumba ya Tabata na Kirikuu cha Mpangaji Mpya

Mume wangu alitaka Kigamboni. Mimi nilitaka Tabata, karibu na shule ya watoto na karibu na wateja wangu wa cherehani. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kutoka Muheza na kukaa kwetu kidogo, hakuutaka mji hata kidogo. "Ardhi ya babu yenu ipo, michungwa ipo, mnakwenda kununua matatizo ya watu?" Ndivyo tulivyolala na ndivyo tulivyoamka katika vyumba vyetu viwili vya kupanga Mburahati. Watoto nao walikuwa na madai yao: kifungua mimba alitaka nyumba yenye geti, mdogo wake alitaka mti wowote wa kupanda.

Jambo lenyewe liliwashwa na kodi. Mwenye nyumba wetu huchukua ya miezi sita kwa mkupuo, na karibu kila mkupuo huja na nyongeza. Ukishalipa hivyo kwa miaka, huwezi kuona bati jipya juu ya nyumba ya mtu usisimame kulitazama.

Tulianzia benki. Ofisa mikopo alitupokea kwa heshima, akatuandikia hesabu kwenye karatasi. Riba za mikopo ya nyumba nchini kwetu kwa miaka mingi zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Mkopo wa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 17, ukilipwa kwa miaka 15, unataka zaidi ya shilingi 920,000 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umerudisha kama milioni 166. Tukashukuru, tukatoka. Tangu mwaka 2010 tuna kampuni iliyoundwa ili kuzipa benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, lakini hadi leo mkopo huo haujamfikia fundi cherehani na mumewe dereva. Hilo linanikera, na nitaendelea kulisema.

Basi tukarudi kwa tunaowajua: kikoba changu, SACCOS ya mume wangu, na sare za shule nilizoshona usiku watoto wakiwa wamelala. Nyama ikawa ya Jumapili. Sikukuu ilipofika, watoto walivaa nguo nilizowashonea kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki, na hakuna aliyenung'unika.

Fedha ilipoanza kuonekana, wakaingia madalali. Kule Kivule tulionyeshwa kiwanja cha hatua 20 kwa 20. Dalali, mtu mfupi, alizitembea mwenyewe kwa kuhesabu kwa sauti. Mume wangu, ambaye ni mrefu, alipozirudia, ishirini zikawa kumi na sita. Bonde la Msimbazi tulilikataa tukiwa bado garini. Yale mafuriko ya Desemba 2011 tunayakumbuka, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kimara tukaipata nyumba nzuri sana, vyumba vitatu na kibaraza, ila chini ya rangi mpya ya ukutani ilichungulia alama nyekundu ya X. Waliokuwapo Kimara mwaka 2017 hawahitaji kuelezwa. Nyumba zilibomolewa kwa urefu wa barabara mpaka Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, ambayo hifadhi yake ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Tuliondoka bila kuuliza bei.

Ndipo ikaja nyumba ya Tabata.

Ilikuwa ya zamani, imara, yenye mwembe mkubwa uani. Mdogo aliuona ule mwembe akanishika mkono, na mimi moyoni nikawa nimeshahamia. Dalali alitoa kivuli cha hati. Mume wangu akasoma jina, akamtazama kijana aliyekuwa anauza.

"Hili ni jina la mzee."

"Ni baba yetu, alifariki," kijana alisema. "Mimi ndiye mkubwa. Ukoo ni mmoja, shemeji, msiwe na shaka."

Wakati wanazungumza, mama mkwe aliomba kwenda msalani. Alikawia. Alipotoka alikuwa na kunde mkononi, na usoni hakuwa yule aliyeingia. Hakusema neno mbele ya watu. Tulipofika nyumbani ndipo akaketi kwenye mkeka akatueleza. Kwenye chumba cha uani, kile ambacho dalali alisema kina mpangaji, alimkuta bibi anapukuchua kunde. Alimsalimia, wakapukuchua pamoja. Yule bibi ni mjane wa mzee mwenye hati. Hakuambiwa kwamba nyumba inauzwa. Aliambiwa kuna wageni wanakuja kuangalia paa.

Usiku ule ulikuwa mgumu. Mume wangu alidhani mama yake anaitafutia sababu nyumba ili turudi Muheza, akamwambia hivyo, na mama akanyamaza kwa namna ambayo sijawahi kumwona akinyamaza. Hatari ya siku za kutafuta nyumba iko hapo. Kiu ya kuwa na kwako inaweza kumfanya mtu mwema asimsikie aliyemzaa. Mimi nilikaa katikati yao, na niliutamani ule mwembe kuliko nilivyotaka kuonyesha. Mwishowe mama alisema jambo moja tu: fedha isitoke mkononi mpaka yule bibi aitwe, aketi, aulizwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mume wangu akakubali shingo upande. Malipo yakapangwa kuwa Jumamosi, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, bibi akiwepo.

Kodi yetu Mburahati nayo ilikuwa inaishia wiki ileile. Mwenye nyumba alitaka jibu: tunalipa miezi sita mingine au tunapisha. Tulimwambia tunapisha.

Jumamosi asubuhi tulifika Tabata tukakuta ukuta wa mbele umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi ndefu kama mtoto: NYUMBA HII HAIUZWI. Maneno hayo yapo kwenye kuta nyingi za Dar es Salaam, nami nimeyapita maisha yangu yote bila kujiuliza nani aliyashikia brashi. Siku ile nilimwona. Alikuwa dada wa muuzaji, amefika usiku kutoka Morogoro baada ya jirani kumpigia simu, kopo la rangi bado liko miguuni pake.

"Nendeni salama, ndugu zangu," alituambia. "Sina ugomvi nanyi. Ila mkishanunua, mama yangu atalala wapi?"

Hatukuwa na jibu. Dalali alikuwa ameshaondoka. Kaka mtu alisimama chini ya mwembe akiitazama simu yake, na mama mkwe akapita katikati yetu sote akaenda uani kumwamkia yule bibi.

Tukarudi Mburahati. Mlangoni kwetu kilisimama kirikuu, kigari cha mizigo, kimejaa kitanda, makochi, ndoo na jiko la gesi, na kando yake walisimama kijana na mkewe mjamzito, mimba kubwa. Mwenye nyumba alikuwa ameshachukua kodi yao ya miezi sita. Mume wangu alianza kupandisha sauti, kijana naye akapandisha, majirani wakatoka. Mama mkwe akamshika yule binti mkono, akamkalisha kwenye kiti changu cha cherehani, akampa maji. "Huyu hazungushwi juani," alisema. "Vyumba ni viwili. Wao kimoja, sisi kimoja, mpaka mwenye nyumba atafute pa kutuweka."

Tuliishi hivyo. Makochi yao yalilala uani chini ya turubai, watu wa nyumba mbili tukapikia jiko moja, na watoto wangu wakajifunza kutembea usiku bila kumkanyaga mtu. Mwenye nyumba alipatikana kwa shida. Alitupatia vyumba kwa ndugu yake mtaa wa pili, kwa kodi ya juu kidogo. Binti alijifungua salama. Mama mkwe ndiye aliyemkanda.

Mwenzetu mmoja wa kikoba ni karani wa mahakama, na ndiye aliyetufafanulia tulichonusurika. Hati ikiwa na jina la marehemu, kuwa mtoto mkubwa hakumpi mtu mamlaka ya kuuza. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa mirathi inayofunguliwa Mahakama ya Mwanzo huonyesha uteuzi wake kwa Fomu Na. IV. Mwenye hati akiwa hai na ana ndoa, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo. Na kabla ya yote hayo kuna upekuzi kwa Msajili wa Hati: unaomba, unalipa ada, unaelezwa jina lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 uuweke kwenye hesabu zako mapema. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, usikubali kubebeshwa kimyakimya ndani ya bei.

Mume wangu alimwomba mama yake radhi mbele ya watoto. Fedha zetu ziko benki, kwenye akaunti ya muda maalumu, na sasa tunaangalia viwanja vilivyopimwa upande wa Kibaha, mahali ambapo hakuna aliyepapendekeza lakini sote tunaweza kupakubali.

Nawe unayejiandaa kununua nyumba mwaka huu, nakuomba: fanya upekuzi kabla hujapatana bei, kisha uingie mpaka uani, umsalimie kila anayelala mle, umwulize kama anajua kwamba nyumba inauzwa. Kama kuna hata mmoja asiyejua, usitoe hata shilingi ya advansi.