Lita 1,200 za Kwenye Boksi

Boksi la filta limeandikwa lita 1,200 kwa saa, kwa maandishi mekundu. Mimi nikiona namba iliyokaa vizuri namna hiyo, usingizi hauji.

Samaki wangu ni wa Ziwa Tanganyika. Huko kwao kina kinafika mita 1,470. Kwangu Tabata wana tangi la lita 200 na mtungi mmoja chini ya meza, unaovuta maji, kuyapitisha kwenye sponji na vipande vya kauri, kisha kuyarudisha juu. Kwa hesabu ya boksi, tangi zima linazunguka mara sita kwa saa. Kwa jinsi majani yalivyotulia pale maji yanaporudia, niliona hiyo ni ahadi ya kampeni.

Kupima kunataka ndoo na saa ya simu tu. Nikamimina chupa nane za maji za lita moja na nusu, nikachora mstari kwenye lita 12. Boksi likisema kweli, maji yatafika pale kwa sekunde 36. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa amekuja kuangalia mpira. Nikamkabidhi mpira wa aina nyingine, ule wa kurudisha maji.

Ndoo ikawekwa sakafuni. Sekunde 41.

“Shemeji, mashine iko poa,” akasema, macho kwenye TV.

Umeme ukakatika. Hilo si habari. Habari ni kwamba maji yaliendelea kutoka. Mtungi kimya, feni kimya, lakini mpira unamwaga tu. Maji yakavuka mstari, yakavuka ukingo, yakaanza safari ya kwenye zulia. Kwa jirani mwenye jenereta watu wakashangilia goli.

“Shemeji, kwani hii ina betri?”

Haina. Ndoo ikikaa chini ya usawa wa maji ya tangi, maji yanateremka yenyewe, na pampu inapata lifti ya bure. Kazini kwake hakuna mteremko huo, maji yanarudi kule kule juu yalikotoka. Kwa hiyo ndoo lazima inyanyuliwe mpaka mdomo wa mpira ulingane na maji ya tangi.

Umeme uliporudi, Shemeji akapanda kwenye stuli, ndoo kifuani. Lita 12 ni kilo 12, ndoo yenyewe bado. Mimi nilishika simu, maana kazi ya saa inataka utulivu. Kuanzia sekunde ya 30 alikuwa akiuliza, “Zimefika?” Zilifika kwenye 61. Hizo ni kama lita 708 kwa saa. Tangi linazunguka mara tatu na nusu. Utelezi ulioganda ndani ya mpira nao una mkono wake katika upungufu huo.

Nikarudi Kariakoo na hesabu zangu.

“Zile 1,200 ni za mtungi mtupu, bosi,” muuzaji akasema. “Bila sponji, bila kauri.”

“Sasa mtungi mtupu unachuja nini?”

“Hauchuji kitu. Ila unakimbia!”