Joka Lilifika, Probox Bado

Mpwa wangu wa Muyinga alinipigia simu wiki iliyopita. Aliponiamkia, kisha akauliza hali ya mvua hapa Gitega, nikajua kuna jambo, maana kijana yule si mtu wa kuuliza mvua. "Mjomba," akasema, "nimepata House of the Dragon, misimu miwili yote, iko kwenye flashi. Njoo tuitazame." Nikamjibu nina lundo la mitihani ya kusahihisha. Ilikuwa likizo. Naye alijua ni likizo, kwa sababu yeye mwenyewe ni mwanafunzi.

Sipendi kumdanganya mtoto wa dada yangu. Lakini majoka nimeyapa talaka tatu tangu Mei 2019, na talaka tatu hazina rejea.

Nianze mbali. George R. R. Martin, Mmarekani mwenye ndevu na kofia, alitoa kitabu cha kwanza cha hadithi yake mwaka 1996. Kwa Kiingereza viko vitano mpaka leo. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa hatukupewa vitano. Wachapishaji wa Ufaransa waliona vitabu ni vinene, wakavikata kama bucha anavyokata ng'ombe wa Idi, vikawa juzuu 15. Kwa hiyo akitokea mtu wa Nairobi kujisifu kwamba amevimaliza vyote vitano, mimi humwacha amalize, kisha namwambia nimesoma 15.

Na si 15 za kusoma ukiwa umelala chali. Juzuu 12 za kwanza zilifasiriwa na Jean Sola, bwana aliyependa maneno ya kale kuliko mimi ninavyopenda mshahara. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, bado nililala na kamusi chini ya mto. Juzuu mbili nilizipata kwa muuza vitabu vya mitumba Bujumbura. Moja niliachiwa na Mzungu wa mradi alipomaliza mkataba. Nyingine zilikuja mojamoja kwenye masanduku ya binamu yangu wa Brussels, zimebanwa kati ya maziwa ya watoto na viatu vya harusi. Juzuu ya 8, ile yenye harusi ya damu, ilichelewa miaka miwili. Juzuu ya 9 nilikuwa nayo kabatini muda wote huo na sikuifunua. Mke wangu aliniuliza kama hicho ni kitabu au hati ya kiwanja.

Subira hiyo ilinilipa. Katika kurasa za mwisho za juzuu ya 9, Catelyn Stark, yule mama aliyechinjwa harusini, anarudi. Anarudi amekatwa koo, hawezi kusema, kitanzi kiko tayari, na orodha ya wabaya wake iko kichwani. Niliposoma hapo nilitoka nje usiku kutafuta mtu wa kumweleza. Nikamkuta mlinzi wa jirani. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akaniuliza kama nimekunywa dawa.

Sasa ije televisheni. HBO walianza kurusha Game of Thrones, tamthilia ya hadithi hiyo, Aprili 2011, na mimi nilikuwa mhubiri wake namba moja kati ya Gitega na Muyinga. Dada yangu na mumewe wana televisheni kubwa na sebule inayoweza kubeba mtaa, na mtaa hauhitaji kualikwa. Shida ilikuwa lugha. Nakala zetu za flashi zilisema Kifaransa, na pale sebuleni watu ni wa Kiswahili na Kirundi. Muyinga iko jirani na mpaka wa Kobero. Sinema zilizoingizwa maneno ya Kiswahili, mtindo wa kina Lufufu wa Dar es Salaam, zimevuka hapo miaka mingi na kuwaharibu watu. Hawataki kusoma maandishi ya chini. Wanataka mtu awaambie.

Mtu huyo nikawa mimi. Nilipewa kiti cha mbele, chai na rimoti. Kwa misimu mitatu nilifasiri kwa uaminifu wa mkalimani wa mahakama.

Kisha msimu wa 4 ukaisha, mwaka 2014, na Catelyn hajarudi. Mimi nilikuwa nimeshawaahidi. Nilikuwa nimeahidi hata kreti ya Fanta Citron kwa shemeji iwapo mama yule hatafufuka, na tulikubaliana mbele ya mashahidi kwamba si kamari, ni ahadi tu. "Ngojeni msimu wa 5," nikasema. Wakangoja. Msimu wa 5, hola. "Msimu wa 6." Shemeji akaanza kunitazama kama anavyomtazama fundi aliyechukua fedha ya paa.

Naomba niungame. Siku moja kwenye msimu wa 6 alipita mwanamke nyuma ya kundi la watu, amejitanda shuka, hana jina wala kauli. Nikasikia ulimi wangu unasema: "Huyo ndiye. Amefufuka, ila anajificha." Sebule ikashangilia. Dada yangu akaleta sambusa. Tangu siku ile sikuwa mkalimani tena.

Msimu huohuo ukaja na Hodor. Mwaka 2016 tukaambiwa kwa nini lile jitu la watu hutamka neno moja tu maisha yake yote: ni amri ya Kiingereza ya kuuzuia mlango, imesagika mdomoni mwake ikabaki "Hodor". Wafaransa walihangaika wakatafuta maneno yao ya kuzuia watu wasitoke nje, yakabanwa yakatoa kitu cha kufanana. Mimi nilikuwa na sekunde tatu na kikombe cha chai. "Shika mlango... shika mlango... shikamlango... shilango!" Watu wakalia kwelikweli. Kisha mzee mmoja akauliza, akifuta machozi: "Mwalimu, basi kwa nini miaka yote hii hawakumwita Shilango?" Sijapata jibu mpaka leo.

Lakini ugomvi wangu wenyewe ni wa mwendo. Katika vitabu mtu akiondoka kusini kwenda kaskazini, unaondoka naye. Farasi anachoka, viatu vinaisha, njiani wanakutana na watu wa ajabu, zinapita kurasa 300 na bado hajafika. Mimi nilimpenda Martin kwa hilo, kwa sababu huyo ni mtu anayejua safari. Kutoka Gitega kwenda Muyinga kupitia Karuzi ni kama kilomita 100, lami. Siku niliyokwenda kutazama sehemu ya 6 ya msimu wa 7 nilifika kituoni saa mbili asubuhi. Probox ilikuwepo. Petroli haikuwepo. Dereva alikwenda kuitafuta, akarudi saa sita na madumu mawili na hadithi ndefu kuliko safari. Nyuma tulikaa abiria watatu wa halali na wawili wa dharura, na kuku mmoja asiyejulikana ni wa nani. Nilifika kwa dada yangu adhana ya magharibi inaadhiniwa.

Nikaketi, nikashika rimoti. Na nikaona nini? Jon Snow na wenzake wamezingirwa na wafu katikati ya ziwa la barafu. Kijana mmoja anatumwa kukimbia kwa miguu mpaka kwenye Ukuta wa kaskazini. Kunguru anatumwa kutoka Ukuta mpaka kisiwa cha mbali kusini. Daenerys, malkia wa majoka, anasoma barua, anavaa koti zuri jeupe, anapanda joka, anaruka bara zima, anafika. Wale walioko ziwani hawajapata hata njaa. Nilisimamisha picha. Nikawaambia wazi kwamba hii sifasiri, ni uongo. Shemeji akasema, "Mwalimu, joka halitumii petroli." Watu wakacheka dakika tano. Mimi nilikuwa bado na manyoya ya kuku begani.

Baada ya hapo ikawa mteremko bila breki. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumikumi. Wa 7 ukapata saba, wa 8 sita. Jumla 73. HBO walikuwa tayari kuongeza. David Benioff na D. B. Weiss, wenye kuiongoza tamthilia, ndio waliotaka kufunga duka. Vitabu walishavipita zamani, maana mzee Martin hajatoa kingine cha hadithi hiyo tangu 2011, wakabaki na muhtasari wa aliyowanong'oneza. Ndipo wakakimbia kama abiria aliyesikia gari la mwisho linapiga honi.

Usiku wa vita vikuu, sehemu ya 3 ya msimu wa 8, ilirushwa 28 Aprili 2019. Wafu wa barafu tuliotishwa nao tangu dakika za kwanza za 2011 wanafika. Na hatukuona kitu. Giza! Shemeji aliipigapiga televisheni ubavuni. Mpwa wangu alichungulia nje kuona kama kwa majirani kuna umeme. Mimi nikafasiri sauti: "Wanapigana... wanapigana... farasi... sasa wanapigana tena." Umeme ulipokatika kwelikweli hakuna aliyejua. Tulidhani ni ule ukimya wa kabla ya shambulio. Nilifasiri ukimya huo karibu dakika nzima, na kwa ufasaha, mpaka dada yangu alipoingia na mshumaa akatuuliza tunatazama nini. Baadaye nikasoma kwamba mpiga picha wake, Fabian Wagner, alisema tatizo ni watu wasiojua kurekebisha televisheni zao. Nilimfikishia shemeji ujumbe huo. Jibu lake haliandikiki.

Wiki iliyofuata, mbele ya malkia wa majoka, mezani, palionekana kikombe cha kahawa cha karatasi, cha siku hizi, kilichosahauliwa pale wakati wa kupiga picha. Dunia nzima ilicheka. HBO wakajibu kwa mzaha kwamba Daenerys alikuwa ameagiza chai ya mitishamba, kisha wakakifuta kikombe kwa kompyuta. Pale Muyinga hakuna aliyecheka. Sisi ndio tunaolima kahawa, inapakiwa, inakwenda zake, nasi tunabaki na chai. Sebule ilitaka tu kujua kama kahawa ile ilitoka kwetu. Nikasema ndiyo. Wakapiga makofi. Wakati ule nilikuwa nimeshazoea.

Sehemu ya mwisho ilitoka 19 Mei, katikati ya Ramadhani, ikatufikia siku tatu baadaye. Tuliitazama baada ya tarawehe. Malkia ameshachoma mji, ameuawa, kiti cha enzi kimeyeyushwa na joka, na sasa mabwana wamekaa kwenye viti wachague mfalme. Tyrion, mfungwa, anasimama na kuwaambia wamchukue Bran, mwana wa Catelyn, kwa kuwa hakuna mwenye hadithi nzuri kuliko yake. Bran! Kijana ambaye msimu wote wa 5 hakuonekana hata kivuli! Ni kama ukoo kumpa uenyekiti yule baba mdogo asiyefika kwenye vikao, eti kwa sababu huko alikokuwa lazima aliona mengi.

Hapo yule mzee wa Shilango akainua mkono. Huyu ni mtu wa kale, anajua habari za mfalme wetu Mwezi Gisabo, za Maconco mkwewe aliyemwasi akaungana na Wajerumani, na za mapatano ya Kiganda ya 1903. Ukimuuliza habari za koo za kifalme za Wabezi na Wabatare, futari itapoa. Nchi iliyotoa hao haihitaji kufundishwa ugomvi wa viti vya enzi. Mimi nawapeleka wanafunzi wangu Gishora, kilomita 7 tu kutoka Gitega mjini, zilipo ngoma za kifalme Ruciteme na Murimirwa, na kila mwaka kuna mmoja anayeniuliza kwa nini hawatengenezi filamu ya haya. Basi mzee akauliza: "Huyo mtoto, alizaliwa na mbegu mkononi?" Maana Burundi iliaminiwa kwamba mfalme wa kweli huzaliwa ameshika mbegu.

Sebule yote ikanigeukia. Ningeweza kusema ukweli, kwamba hakuna sababu yoyote, waandishi walichoka.

"Ndiyo," nikasema. "Mbegu za mtama. Mama yake aliziona akazificha. Ndiyo maana alifufuka, aje kushuhudia."

Ah! Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika ambako sijakuona hata darasani. Watu zaidi ya milioni moja duniani walitia saini kudai msimu wa 8 urudiwe upya. Muyinga hakusaini hata mmoja. Walirudi makwao wakisema ni mwisho mzuri. Niliyelala na uchungu ni mimi peke yangu, kwenye godoro la wageni, na juzuu zangu 15 kule Gitega.

Tatizo ni kwamba mpwa wangu amekua, na Kifaransa nimemfundisha mwenyewe. Mwaka jana aliirudia tamthilia nzima, peke yake, masikio wazi. Alinipigia saa nne usiku. "Mjomba, yule mama hayupo." Nikanyamaza. "Na mbegu pia hazipo."

Basi hii House of the Dragon anayonitaka niitazame, iliyoanza 2022, nimesoma kwamba hata Martin mwenyewe, mwenye shamba, Septemba 2024 aliandika kwenye ukurasa wake akilalamikia waliyoyabadilisha, kisha maandishi yakafutwa. Nilipomweleza mpwa hayo kama udhuru wa kutokwenda, akasema wale wa sebuleni wameshaambiwa nakuja, mzee ameuliza kama yule mama atakuwemo, na shemeji anakumbusha kreti.

Nitakwenda Jumamosi, petroli ikipatikana. Fanta nitalipa. Lakini rimoti nashika mimi.