Waheshimiwa Wasiofika Kimo cha Meza

Shangazi na nyote wa Ngamiani,

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kabla hamjaniamkia. Mimi sijambo, ila baridi ya Vienna haina adabu.

Mmekuwa mkiuliza nampikia nani huku. Nawapikia waheshimiwa wa kituo cha kulelea watoto, umri wao mwaka mmoja hadi mitatu. Wiki hii wametaka apfelstrudel, kitamutamu cha matufaha ambacho wenyeji wanakiheshimu mno. Maktaba ya mji huu imehifadhi mapishi ya strudel yaliyoandikwa kwa mkono mwaka 1696. Kwako, Shangazi, mapishi ni kukuuliza kipimo, nawe ukajibu, "Tia mpaka itoshe."

Unakanda unga wa ngano kwa mafuta kidogo na maji ya vuguvugu, unauacha upumzike. Kisha unatandika kitambaa mezani na kuuvuta kwa migongo ya mikono mpaka uwe mwembamba kuliko manda ya sambusa. Wapishi wa hapa husema haujawa tayari mpaka gazeti lisomeke chini yake. Mpishi mkuu wetu alilitandaza gazeti kweli. Nimeisoma habari nzima ya kodi za nyumba kupitia kwenye kinyunya.

Ndani hutiwa matufaha makali, sukari, mdalasini, chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi ili zinyonye maji ya matunda, lozi, na zabibu kavu zilizolowekwa kwenye ramu. Hapo ndipo waheshimiwa walipoanza kunipunguzia vitu. Ramu, nje, hilo halina mjadala. Zabibu na lozi, nje, wasije wakapaliwa. Sukari, kiduchu. Matufaha yapikwe kwanza mpaka yalainike, maana tufaha gumu nalo linapalia.

Halafu kuna herufi. Sheria ya Ulaya inataka vitu 14 vinavyowadhuru wenye mzio vitajwe, na Austria imekipa kila kimoja herufi yake. Ngano ni A, maziwa G, kwa hiyo ubaoni strudel yetu iliandikwa A, G. Nikaiwaza futari yako, Shangazi: tambi A, samaki D, mkate wa ufuta A na N, pweza R. Wageni wangekuwa bado wanasoma adhana ya Isha ikiadhiniwa.

Basi tukapakua. Mheshimiwa wa kwanza akachimba matufaha yote, akaacha ganda. Jirani yake akala ganda, akayasukuma matufaha. Nikawaketisha kwenye sahani moja, ikarudi nyeupe. Wa tatu alilamba sukari ya unga ya juu, kisha akaninyooshea kipande kizima nikinyunyizie upya. Huko angeambiwa ale au aondoke. Huku anasikilizwa, na mimi nalipwa kumsikiliza.

Anayekuja asinibebee zabibu wala korosho. Anibebee iliki. Nimeipitia orodha yote: iliki haina herufi.

Wasalaam,
Mpishi wenu