Roshani ya Mzee Simba

Paukwa! Pakawa!

Mzee Simba alikuwa na nyumba ya ghorofa. Wapambe wake wakamwambia kwamba mkubwa asiye na roshani ni sawa na simba asiye na manyoya shingoni. Zabuni ikatangazwa asubuhi, ikafungwa kabla ya adhuhuri, na mshindi akawa Fisi, ambaye kwa bahati tu alikuwa shemeji yake mwenyekiti wa kamati ya zabuni.

Sheria ya kijiji ilitaka mkaguzi, basi akaitwa Kigong'ota, ambaye riziki yake ni kugonga mti na kusikiliza. Akautazama mchoro, akauliza swali moja: "Ukutani roshani hii inashikwa na nini?"

"Misumari," akajibu Fisi. "Tena mirefu."

"Msumari, ndugu yangu, hustahimili kukandamizwa, lakini ukivutwa hutoka. Wageni wakijaa upande wa nje, ubao unaoishika roshani ukutani unavutwa. Tia bolti zinazopenya mpaka ndani, kila moja na washa na nati yake. Juu ya kiungo weka bati la kumwaga maji. Nguzo za nje zisimame juu ya msingi wa zege, si juu ya udongo mtupu. Kisha piga hesabu ya mzigo: kila mita ya mraba ibebe kilo 200. Roshani yako ina mita za mraba 10. Wakipanda nyati watatu walioshiba, nafasi imekwisha."

Fisi akanakili yote kwa adabu. Usiku akaketi na makadirio yake. Bolti hazionekani, akazifuta. Bati halionekani, akalifuta. Msingi wa nguzo uko ardhini, nani atafukua? Akaufuta. Fedha zilizobaki akazigawa mafungu mawili: moja likaenda kwenye nakshi za ukingo na rangi ya dhahabu, la pili akalila mwenyewe. Meno ya Fisi, kama tujuavyo, hayabagui mfupa wala chuma.

Siku ya uzinduzi Mzee Simba akakata utepe, akapanda na wanawe, akanguruma. Roshani haikutikisika. "Yuko wapi yule bwana wa bolti?" akauliza Fisi, na kijiji kizima kikaangua kicheko.

Masika ikapita, vuli ikapita, masika ikarudi. Maji yakapenya kati ya ubao na ukuta, yakatuama humo. Kila mwaka Kigong'ota alirudi kugonga. Mwaka wa kwanza ubao ulijibu *ko, ko*. Wa pili ukajibu *to, to*. Wa tatu ukajibu *pu*, na mdomo wake ukazama hadi machoni. Akaandika taarifa. Ofisi ikamjibu kwa kupaka rangi upya. Uyoga ulipoota penye kiungo, Kigong'ota akauonyesha kama ushahidi, lakini Fisi akawaita waandishi wa habari: "Miradi ya wengine inakula fedha, wetu unazalisha mboga!" Mchwa, walioajiriwa kuwa washauri wa mbao, wakathibitisha kwamba ubao ni mzuri sana. Hawakusema uongo, walikuwa wameuonja.

Ikafika harusi ya binti Simba. Juu walipanda nyati wanne, pundamilia sita, nyumbu na wapiga ngoma. Bibi harusi alipotokeza uani, vigelegele vikapaa, wote wakakimbilia ukingoni wamwone. Misumari ikang'oka kwa pamoja, bila hata mlio wa kuonya. Roshani ikaanguka kifudifudi pamoja na nakshi zake. Nyumbu wawili hawakuamka. Mzee Simba, aliyekuwa juu pamoja nao, alivunjika mguu.

Tume ikaundwa siku ile ile: mwenyekiti Fisi, katibu Mchwa. Baada ya vikao vingi, kila kimoja na posho yake, chanzo kikabainika: wageni walifurahi kupita kiasi. Tume ikapendekeza vigelegele vipigwe marufuku ghorofani, na roshani mpya ijengwe na mkandarasi mwenye uzoefu wa roshani zilizoanguka. Mzee Simba, mguu ukiwa kwenye banzi, akatia saini. Kigong'ota akahama kijiji.

Asiyeamini ngano na atazame Berkeley, California. Juni 2015 roshani ya nyumba ya kupanga ilikatika huko wakati wa sherehe ya kuzaliwa, ikaua vijana 6. Mbao zake zilikuwa zimeozeshwa na maji. Sheria ya jimbo hilo, inayotaka roshani za nyumba za kupanga zikaguliwe kila baada ya miaka 6, ilikuja 2018, wakati waliokufa wamekwisha kuzikwa.

Nawe mwenye nyumba, usingoje sheria wala tume. Kabla ya kualika wageni, pita chini ya roshani yako. Tafuta bolti, tafuta alama za maji, kisha chomeka bisibisi kwenye ubao ulioshikana na ukuta. Ikizama, funga mlango wa roshani leo, umwite fundi leo.