Injili ya Mjini na Injili ya Boma

Mtss! Zimeni pikipiki kidogo, wanangu, abiria hawapo saa hizi. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Mmemsikia mwinjilisti aliyekuja hapa Enguserosambu na spika zake na jenereta. Sauti anayo, na Maandiko anayajua. Akatuambia tusiishikilie dunia, sisi ni wapitaji, ng'ombe na malisho vitabaki huku huku, hazina yetu iko juu. Wazee wakatikisa vichwa, akina mama wakaimba. Nami ningeimba, kama wiki mbili kabla nisingekuwa Arusha kwa mwanangu na kumsikia mtu huyo huyo ukumbini. Kule aliwaombea watu viwanja. Wenye hati wazinyanyue, wasio na hati wanyanyue mikono, wapande mbegu ya sadaka, na mwaka huu huu wataingia kwenye nyumba zao. Hakuna aliyeambiwa kwamba ni mpitaji.

Mtss! Mtu wa mjini akiitaka ardhi, ana imani. Mfugaji akiitaka, anaipenda dunia. Na haya yanasemwa hapa Loliondo, ambako Juni 2022 vigingi vya mpaka vilisimikwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 na ndugu zetu wakavuka mpaka kwenda Kenya wakiwa na majeraha! Mtu aliyepoteza malisho ukimwambia malisho si kitu, umemhubiria nini?

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alijaribu kumtetea. "Mzee, hata Paulo alikuwa Myahudi kwa Wayahudi, na kwa wasio na sheria akawa kama wao." Ni kweli, mwalimu. Lakini soma na Wagalatia. Petro alikula na watu wa mataifa pale Antiokia, wakaja wageni kutoka Yerusalemu, akajitenga na meza. Paulo alimkemea mbele ya watu wote. Paulo alibadilisha namna ya kukaa na watu. Hakuwapa hawa ahadi akawanyima wale.

Na si ardhi tu wanayoihubiri kwa ndimi mbili: habari ya wake wengi ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inaingia ndani ya boma. Hema moja la mahubiri linasema mwenye wake watatu abaki na mmoja ndipo abatizwe. Jingine linawapokea wake wote, mume anabaki nje kama mgeni wa nyumba yake. La tatu linasema njooni nyote mlivyo, ila usiongeze mwingine. Hata maaskofu wa Kianglikana duniani walipokutana Lambeth mwaka 1988 walielekea huko. Namjua mama mmoja, mke wa pili, aliyeambiwa na mhubiri wa kwanza kwamba ndoa yake ni dhambi, na wa pili akamwambia amebarikiwa. Wote wawili walifungua Biblia ile ile. Aliniuliza, "Sasa wanangu ni wa nani mbele za Enkai, Mungu wetu?" Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono tu.

Si kwamba hatujawahi kuona mhubiri wa namna nyingine. Wazee wanamkumbuka Vincent Donovan, padri Mmarekani wa Roho Mtakatifu aliyekuwa misheni ya Loliondo. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake kwamba shule zipo, hospitali ipo, lakini kwa habari ya Mungu ni kama hakuna aliyezungumza na Wamasai. Akaomba ruhusa aende boma kwa boma, bila zawadi, azungumze tu. Katika kitabu chake cha 1978 anasimulia jinsi alivyowaambia wazee kwamba Mungu si wa Wamasai peke yao. Wakamgeuzia swali: na watu wako, je, wao wamemwona Mungu huyo? Akanyamaza, akawaza vita vya kwao, akakiri kwamba bado wanamtafuta. Huyo alikuja na neno moja, nalo lilimhukumu yeye kwanza. Ndiyo maana alisikilizwa. Hata majani, yale tunayopeana kuomba amani, aliyapokea yakatangulia ibada: majani yakikataliwa na mtu mmoja tu, hakuna misa siku hiyo.

Na kule Samunge kwa Wabatemi, mwaka 2011? Mimi sibishani hapa juu ya dawa ya Babu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri; wengine waliacha vidonge vyao wakafa, na hilo linaniuma. Nasema tu juu ya foleni ya watu waliokwenda kunywa kikombe chake. Waziri alikunywa, mchunga mbuzi alikunywa, Mwislamu wa Pwani alikunywa, kikombe kwa shilingi 500. Watu walitembea na wagonjwa migongoni kwa sababu waliamini kwamba pale neno ni moja kwa wote. Njaa ya namna hiyo bado ipo, wanangu. Ipo kwenye maboma haya haya.

Jumamosi hii spika za mwinjilisti zinarudi. Yule mama ameniomba nimsindikize, akae mbele kabisa. Anataka kumuuliza mwinjilisti juu ya wanawe, na mimi nitamuuliza juu ya viwanja vya Arusha. Mwalimu, uje na Biblia yako.